Kukoleza Nyama ya Kuchoma: Chumvi Mapema, Sukari Mwisho

Nyama nyingi zinazodhaniwa kuharibikia motoni huwa zimeharibikia kwenye bakuli. Mtu anachanganya chumvi, ndimu, kitunguu saumu, asali, pilipili na mafuta tele, anatumbukiza nyama, anaiacha ilale humo, kisha kesho yake anaitoa ikichuruzika na kuibwaga juu ya makaa makali. Asali inaungua kabla nyama haijapata joto. Vipande vya kitunguu saumu vinakuwa vyeusi na vichungu. Mafuta yanadondoka na kuamsha ndimi za moto. Na ukikata, sentimita moja tu chini ya hilo gamba jeusi, nyama haina ladha.

Viungo vyenyewe havikuwa na kosa. Kosa ni kuvitia vyote kwa pamoja, ilhali kila kimoja kina wakati wake. Chumvi inahitaji saa nyingi. Viungo vya harufu vinahitaji uso mkavu na mafuta kidogo. Uchachu mkali unahitaji kudhibitiwa, tena mara nyingi unafaa zaidi nyama ikishatoka motoni. Sukari ndiyo ya mwisho kabisa. Ukishika mpangilio huo, unaweza kubadilisha mapishi utakavyo na bado yakakubali.

Kinachoingia na kinachobaki juu

Nyama si sponji. Karibu robo tatu ya uzito wa nyama mbichi isiyo na mafuta ni maji, nayo tayari yamejaza nafasi zilizoko katikati ya nyuzi. Unapoiloweka, huo mchanganyiko wako haunyonywi. Kinachoingia kinajipenyeza taratibu, na si kila kitu kinaweza. Chumvi inaweza, kwa sababu ikiyeyuka inagawanyika kuwa chembe ndogo sana zinazosogea ndani saa baada ya saa. Harufu za bizari, rosmari, pilipili na kitunguu saumu hubebwa na chembe kubwa zaidi, na nyingi kati yake huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Hata ukiloweka usiku kucha, nyingi hazivuki milimita chache za juu.

Kwa hiyo ukitaka viungo vionekane katika kila tonge, usiongeze muda, ongeza eneo la juu. Kata vipande vya sentimita tatu vya kuchoma kwenye vijiti badala ya pande moja kubwa. Chanja paja la kuku mara mbili au tatu mpaka karibu na mfupa. Pasua kidari katikati ukifungue kama kitabu. Kudunga nyama kwa uma ili viungo viingie sipendekezi: unasukuma vijidudu vya juu kwenda katikati, na nyama iliyodungwa haifai tena kuliwa ikiwa nyekundu ndani.

Chumvi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka kwa sababu chumvi haina umaarufu wa mdalasini au paprika. Pima kwa uzito, si kwa macho. Kiasi kinachofaa nyama nyingi ni kati ya gramu 10 na 15 kwa kila kilo: nyama isiyo na mfupa iwe 10 hadi 12, yenye mfupa na mafuta mengi isogee kuelekea 15. Kama huna mizani ya jikoni, kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini ya mezani kina takriban gramu 6, hivyo vijiko viwili vinatosha kilo moja. Chumvi ya chenga huacha nafasi katikati ya punje zake, na kijiko kilekile kinaweza kubeba nusu tu ya uzito huo. Hapo ndipo watu wanapofuata mapishi neno kwa neno na bado wakapata nyama chapwa, au nyama isiyolika.

Kausha nyama kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, inyunyizie chumvi pande zote kutoka juu kidogo ili isambae sawa, kisha ilaze juu ya wavu uliowekwa kwenye sinia, uiingize kwenye friji bila kufunika. Dakika za mwanzo utaona maji yakijitokeza juu. Usiogope, wala usiyafute. Chumvi inayeyuka ndani ya maji hayo, halafu maji hayohayo yanaanza kurudi ndani yakiwa na chumvi. Kwa steki yenye unene wa sentimita mbili na nusu, mzunguko huo unachukua takriban dakika 40 hadi 60. Ndiyo maana kuna nyakati mbili nzuri za kutia chumvi steki: saa nzima au zaidi kabla, au pale pale unapoiweka motoni. Kipindi cha katikati, dakika kumi au ishirini hivi, ndicho kibaya, kwa sababu uso umelowa na moto utapoteza nguvu ukichemsha maji badala ya kuchoma.

Kuku mzima anapenda saa 12 hadi 24. Pande kubwa la nyama lenye kilo mbili na kuendelea linaweza kukaa siku moja au mbili. Minofu ya samaki, dakika 20 hadi 30 tu. Faida ya kutofunika ni kwamba uso unakauka, na uso mkavu ndio unaobadilika rangi vizuri. Ngozi ya kuku hasa haina njia nyingine ya kuwa kavu na ya kutafunika.

Wapo wanaopenda kuloweka nyama ndani ya maji ya chumvi, gramu 50 hadi 60 kwa lita. Inafaa kwa kidari cha kuku, saa moja au mbili, kwa sababu kidari hukauka upesi na maji ya ziada yanakisaidia. Lakini ladha inapungua makali na ngozi inalowa. Mimi nachagua chumvi kavu karibu kila mara.

Nyama ya kusaga ina kanuni yake. Chumvi ikichanganywa na kukandwa humo huyeyusha protini zinazonata, na nyama inakuwa na mshikamano. Kwa kababu za kijiti hilo ndilo unalolitaka: gramu 12 hadi 15 kwa kilo, kanda nyama ikiwa baridi mpaka inate mkononi, la sivyo itadondoka kwenye makaa. Kwa baga hulitaki kabisa, kwa sababu baga inakuwa ngumu. Finyanga kwanza, tia chumvi juu dakika ya mwisho.

Usisahau chumvi iliyojificha. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina takriban gramu mbili na nusu za chumvi. Mchanganyiko wa viungo wa dukani mara nyingi una chumvi nyingi kuliko kiungo kingine chochote. Soma maandishi ya pakiti, na ukiona chumvi imetajwa mwanzoni, punguza yako.

Kuloweka

Mchanganyiko wa kulowekea una sehemu nne: chumvi, mafuta, uchachu na harufu. Chumvi tumeshaizungumzia. Mafuta kazi yake ni kubeba zile harufu zinazoyeyuka ndani yake, ukali wa pilipili ukiwemo, na kuzuia nyama isigande kwenye wavu. Vijiko viwili vya chakula kwa kilo vinatosha. Zaidi ya hapo unalisha moto.

Uchachu, uwe wa ndimu, siki, ukwaju au mtindi, ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Watu husema unalainisha nyama. Kwa kweli asidi hubadilisha protini za juu, na ukizidisha muda zinakaza na kukamua maji. Nyama inakuwa na uso wa kijivu, laini kama imeoza na kavu kwa pamoja. Samaki aliyekaa kwenye ndimu tupu kwa nusu saa ameshaanza kugeuka mweupe kabla hajaona moto. Ukitumia ndimu au siki kwa wingi, nyama nyekundu ya vipande isizidi saa nne hivi, kuku saa mbili, samaki dakika 15. Ukitaka kuloweka usiku kucha, punguza asidi iwe kijiko kimoja au viwili kwa kilo, au tumia mtindi, ambao uchachu wake ni wa taratibu na humvumilia kuku hata saa 24.

Vipo vilainishi vya kweli, navyo ni matunda yenye vimeng'enya vinavyovunja protini: papai bichi, nanasi bichi, kiwi, tini, na hata tangawizi mbichi. Hivi havina mzaha. Kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililosagwa kinatosha kilo ya nyama ngumu, nusu saa hadi saa mbili. Kimeng'enya cha papai huendelea kufanya kazi nyama ikiwa inapata joto, mpaka joto lenyewe likiharibu, kwa hiyo usidhani ukiitoa kwenye bakuli umekisimamisha. Ukichelewa, unapata rojo juu na ugumu uleule katikati. Nanasi la kopo halilainishi chochote, kwa kuwa lilipikwa na vimeng'enya vyake vimekufa. Litie kwa ajili ya ladha tu.

Kwa vipande vyembamba vya nyama nyekundu ipo njia nyingine isiyotumika sana kwenye makaa lakini inafaa: magadi soda, kijiko kimoja cha chai kwa takriban gramu 350, changanya, ngoja dakika 15, osha vizuri, kausha. Magadi huzuia protini zisikaze sana. Ukiacha kuosha utaonja sabuni.

Huu hapa mchanganyiko wa kilo moja ya nyama nyekundu ya vijiti:

- Chumvi laini, vijiko 2 vya chai
- Mafuta ya kula, vijiko 2 vya chakula
- Siki au maji ya ndimu, kijiko 1 na nusu cha chakula
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Kitunguu saumu, punje 4
- Tangawizi, kipande cha sentimita 2
- Bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, vijiko 2 vya chai
- Pilipili manga ya kusaga, kijiko 1 cha chai

Kitunguu maji, kitunguu saumu na tangawizi vikune, kisha vikamue kwenye kitambaa au chujio utoe maji yake. Tumia maji hayo, makapi yatupe au uyapikie kitu kingine. Hii ndiyo dawa ya vile vipande vyeusi vichungu: unapata ladha yote bila chembe za kuungua. Changanya nyama na chumvi, maji ya vitunguu na siki kwanza, uzifinye kwa mkono mpaka zilowe, ndipo utie mafuta na viungo. Mafuta yakitangulia yanaifunika nyama, na chumvi inakawia kuyeyuka. Saa mbili mpaka nne kwenye friji.

Kwa kuku, tumia mililita 200 za mtindi mzito kwa kilo, chumvi gramu 13, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, paprika vijiko viwili vya chai, pilipili ya unga kwa uvumilivu wako, na maji ya kitunguu saumu na tangawizi kama hapo juu. Sukari ya maziwa na protini za mtindi hutoa madoa mazuri ya kahawia, mradi usiache tabaka nene.

Chombo kiwe cha kioo, chuma cha pua, au plastiki ya chakula. Alumini tupu huliwa na asidi na kuacha ladha ya chuma. Nyama iwe ndani ya friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake muda wote. Kuloweka mezani “kwa sababu ni saa mbili tu” ni kucheza na tumbo: joto la chumba ndilo wanalolipenda bakteria.

Nyama ikitoka kwenye bakuli, ining'inize idondoke, kisha ifute. Ndiyo, futa kile ulichokitengeneza kwa bidii. Ladha iliyoingia imeshaingia, na iliyo juu inabaki kama utando mwembamba. Maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100 yakiwa yanachemka, wakati ule ubadilikaji wa rangi na harufu, ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, huenda kasi uso ukifika takriban nyuzi 140. Nyama iliyolowa italazimika kukauka kwanza, na ikimaliza kukauka ndani kutakuwa kumeiva kupita kiasi.

Viungo vikavu

Kwa steki, mbavu na pande lolote lenye mafuta yake lenyewe, naona viungo vikavu vinashinda kuloweka. Havileti maji, vinajenga gamba, na vinaonekana.

Anza na viungo vizima ukiweza. Kaanga bizari nyembamba na giligilani kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukitikisa, mpaka harufu ipande na rangi igeuke kidogo. Ni kama dakika mbili. Viondoe mara moja, maana kikaango kitaendelea kuvichoma. Viache vipoe kabla ya kusaga. Saga vibaki na chenga kidogo: unga laini sana hunywa unyevu na kugeuka tope, chenga hubaki na kutafunika.

Mchanganyiko wa moto mkali, wa kilo moja hadi moja na nusu: pilipili manga vijiko 2 vya chai, giligilani vijiko 2, paprika vijiko 2, bizari nyembamba kijiko 1, unga wa kitunguu saumu kijiko 1, pilipili kali nusu kijiko. Chumvi haimo. Iweke mbali makusudi, kwa sababu chumvi inatangulia nyama tangu jana na kiasi chake kinafuata uzito wa nyama, ilhali viungo vinafuata mapenzi yako.

Mchanganyiko wa moto wa taratibu ni huohuo, ukiongeza vijiko 2 vya chakula vya sukari ya kahawia na kijiko 1 cha chai cha haradali ya unga. Huu ni wa mbavu au bega linalopikwa saa kadhaa kwa nyuzi 110 hadi 135, jiko likiwa limefunikwa. Kwa joto hilo sukari inayeyuka na kushika bila kuungua. Ukiupeleka juu ya makaa ya wazi utajuta ndani ya dakika tatu.

Paka mafuta au haradali ya chupa kwa utando mwembamba tu, nyunyiza viungo, na ubonyeze kwa kiganja. Usisugue, kusugua hukusanya viungo vyote sehemu moja na kuacha nyingine wazi. Acha dakika 30 hivi vishike unyevu, ndipo uende motoni. Paprika na pilipili ya unga huungua upesi na kuleta uchungu, kwa hiyo kadiri moto ulivyo mkali ndivyo uvipunguze, na uviongeze kwenye sosi.

Motoni

Panga makaa upande mmoja wa jiko, upande wa pili uache mtupu. Upande wenye makaa unatoa rangi, upande mtupu unaivisha. Mafuta yakidondoka na ndimi zikapanda, unahamisha nyama. Huna haja ya kumwagia maji na kuitapakaza kwa majivu. Moshi mweusi wa mafuta yanayoungua huacha masizi yenye kemikali zisizofaa mwilini, na ladha yake ni ya uchungu tu.

Kama unapenda kupaka nyama ikiwa motoni, mwanzoni paka vitu visivyo na sukari: siki na mafuta, au maji ya chumvi kidogo yenye kitunguu saumu, ukitumia kishada cha rosmari au brashi. Paka kwa nafasi. Kila ukifunua jiko lenye mfuniko unapoteza joto. Na yale maji yaliyolowekea nyama mbichi yasirudi juu ya nyama inayokaribia kuiva. Ukitaka kuyatumia, yachemshe kwanza mpaka yatokote sawasawa, ingawa mara nyingi huganda mabonge mabonge. Ni afadhali kutenga sehemu safi tangu mwanzo.

Sukari ya kawaida huanza kugeuka kahawia takriban nyuzi 160, na haichukui muda kupita hapo na kuwa chungu. Asali huwahi zaidi kwa sababu ina fruktosi nyingi, aina ya sukari inayogeuka kahawia kwa joto la chini zaidi. Wavu ulio juu ya makaa makali unapita joto hilo kwa mbali. Hivyo sosi tamu ipakwe dakika tano hadi kumi za mwisho, nyama ikiwa upande usio na makaa: tabaka jembamba, ngoja likauke mpaka liwe linanata bila kuchafua kidole, tabaka la pili, basi. Mwishoni kabisa isogeze juu ya makaa sekunde chache kila upande ili sosi itoe madoa, na usiondoke hapo kwenda kuzungumza na wageni.

Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama kinamaliza ubishi. Kuku afike nyuzi 74, nyama ya kusaga 71, na pande zima la ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe 63 kisha lipumzike angalau dakika tatu. Mapaja ya kuku huwa matamu zaidi yakifika 80 na kitu, kwa kuwa mishipa yake inahitaji joto ili ilainike. Kidari kikifika huko kimekwisha.

Sosi

Sosi ya mezani inafanya kile ambacho kuloweka hakuwezi: inaleta uchachu mbichi, majani mabichi na ukali usiopitia moto. Ndimu iliyokaa na nyama usiku kucha hupoteza harufu yake motoni. Ndimu iliyokamuliwa juu ya nyama ya moto inasikika mara moja. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya kuloweka na sosi, ningechukua chumvi ya jana na sosi ya leo.

Sosi ya kijani: kata kwa kisu, si kwa blenda, vishada viwili vya majani ya giligilani au mnanaa, au vyote viwili, pamoja na punje mbili za kitunguu saumu na pilipili mbichi moja. Tia mililita 100 za mafuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha dakika 20. Siki vijiko vitatu vya chakula uitie karibu na kula, kwa sababu asidi hufifisha rangi ya majani. Inafaa steki na nyama yoyote ya mafuta. Ikibaki, iweke kwenye friji na iishe ndani ya siku nne. Kitunguu saumu kibichi kilichozama kwenye mafuta kikikaa nje kinaweza kuotesha bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu ya chakula), ambao huwezi kuwanusa wala kuwaonja.

Sosi ya kupaka: kaanga kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo mpaka kiwe laini, tia kijiko cha chai cha paprika, kisha mililita 400 za nyanya iliyosagwa, vijiko vinne vya chakula vya siki, vitatu vya sukari ya kahawia, kimoja cha haradali, na kijiko cha chai cha chumvi. Acha ichemke taratibu dakika 25 hadi 30. Iko tayari pale inapofunika mgongo wa kijiko na kidole kikaacha mfereji. Igawe bakuli mbili papo hapo, moja ya brashi, nyingine ya mezani, zisikutane tena. Onja ikiwa imepoa kidogo, maana ikiwa ya moto sana utamu na chumvi havisomeki vizuri.

Ya mtindi haina hadithi ndefu: mililita 250 za mtindi, tango moja lililokunwa na kukamuliwa, mnanaa, ndimu na chumvi. Inapoza pilipili kuliko maji, kwani mafuta na protini za maziwa hubeba ule ukali.

Na siagi ya viungo. Ponda gramu 100 za siagi laini na kitunguu saumu kidogo, majani na maganda ya limau yaliyokunwa, viringisha kwenye karatasi, gandisha. Kipande kimoja juu ya steki inayopumzika kinayeyuka na kujichanganya na maji ya nyama. Kwa nyama isiyo na mafuta sijui kitu kinachofanya kazi kubwa kwa jasho dogo hivi.

Ratiba moja kamili

Tuseme ni mapaja manane ya kuku yenye mfupa, kama kilo moja na nusu, yaliwe saa 1 jioni.

1. Jana yake usiku: kausha, chanja mara mbili kila paja, tia gramu 20 za chumvi, weka kwenye friji bila kufunika.
2. Saa 4 asubuhi: paka mtindi wenye viungo, safari hii bila chumvi. Funika, rudisha kwenye friji.
3. Mchana, wakati wowote: pika sosi ya nyanya, igawe. Kata majani ya sosi ya kijani.
4. Saa 11 jioni: washa mkaa. Futa mtindi kwenye mapaja, paka mafuta kiduchu, nyunyiza viungo vikavu visivyo na sukari wala chumvi.
5. Makaa yakishavaa majivu ya kijivu, karibu saa 12: panga mapaja upande usio na makaa, ngozi juu, funika. Dakika 30 hivi.
6. Ndani ikifika nyuzi 70 au zaidi kidogo: paka sosi, funika dakika tano, geuza, paka tena, dakika tano nyingine.
7. Juu ya makaa, dakika moja kila upande, ukiyatazama. Pima karibu na mfupa bila kuugusa.
8. Pumzisha dakika tano hadi kumi kwenye sinia safi, si lile lililobeba mabichi. Ndimu, sosi ya kijani, mezani.

Ikienda mrama

Chumvi iliyozidi haitoki ikishaingia. Kata nyama vipande vyembamba na uile na sosi ya mtindi isiyo na chumvi, au na wanga usiotiwa chumvi. Nyama iliyokaa mno kwenye ndimu ioshe haraka, ikaushe, ipake mafuta, na uichome upesi kwa moto mkali. Haitakuwa bora, lakini italika. Gamba likiungua, likwangue kwa mgongo wa kisu, usilifunike kwa sosi, kwani uchungu husambaa ndani ya sosi yote.

Na ikiwa imetoka chapwa tu, dawa iko kwenye ubao wa kukatia. Mwaga juu ya ubao kijiko cha mafuta mazuri, maji ya nusu ndimu, majani yaliyokatwa, pilipili manga na chumvi. Weka nyama iliyopumzika juu yake, ikate vipande vyembamba ukikingamana na mwelekeo wa nyuzi, na uigeuze geuze humohumo ili kila uso mpya uliokatwa uguse mchanganyiko na maji yaliyotoka kwenye nyama yenyewe. Onja kipande kimoja, ongeza chumvi kama bado, na upakue ingali moto.